Kalamu ya Mipaka Hutangulia Karatasi ya Kura

Majuzi mwanafunzi mmoja wa shule ya upili alinijia na swali lililonikalisha kitako nikatafakari. Alikuwa amesoma kwamba vyama viwili vikuu vya Marekani vinazozania viti vya bunge ambavyo kila kimoja kinadai kimekwisha kujitengea, ilhali siku yenyewe ya kupiga kura ilikuwa ingali mbali. "Mwalimu," akaniuliza, "mtu anawezaje kujihesabia kiti ambacho wapiga kura hawajampa? Au huko nako kura huibwa?"

Nilimwambia kwamba si lazima kura iibwe ndipo matokeo yajulikane mapema. Yatosha mtu kupewa kalamu na ramani kabla ya mpiga kura kupewa karatasi. Jibu hilo halikumtosheleza, wala halikunitosheleza mimi mwenyewe. Ndiposa nimeona heri nilifafanue hapa, kwa manufaa yake na ya walimu ambao huulizwa maswali ya namna hiyo kila uchao.

Tuanze na misingi. Marekani ina majimbo 50. Bunge lake kuu, yaani Kongresi, lina mabaraza mawili. Katika Seneti kila jimbo, liwe kubwa au dogo, lina maseneta wawili. Katika Baraza la Wawakilishi mna viti 435, navyo hugawanywa kwa majimbo kulingana na idadi ya watu. Jimbo lenye viti kadha hugawanywa kuwa maeneo ya ubunge, na kila eneo humchagua mbunge mmoja tu. Mbunge huyo huhudumu kwa miaka miwili, kisha hurudi kwa wananchi kuomba kura upya. Uchaguzi hufanywa Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Kwa mwaka 2026 siku hiyo ni tarehe 3 Novemba.

Katika uchaguzi wa Novemba 2024, chama cha Republican kilipata viti 220 na chama cha Democratic viti 215. Chama kitakacho kuliongoza baraza hilo sharti kiwe na viti 218. Kwa hivyo, wabunge watatu tu wakishindwa na wapinzani wao, uongozi wa baraza zima hupinduka: ule uwezo wa kuamua miswada ipi ijadiliwe, wa kuidhinisha fedha za serikali, na wa kumhoji Rais na mawaziri wake. Pale ambapo viti vitatu vina uzito wa kiasi hicho, si ajabu kwamba watu hupigania hata mstari mmoja katika ramani.

Badala ya kuizungumzia nchi nzima, na nichague jimbo moja ambalo lina mengi ya kutufunza. Jimbo hilo ni Iowa, katikati ya Marekani. Ni nchi ya wakulima. Huzalisha mahindi na nguruwe kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, na soya yake pia huvunwa kwa wingi mno. Sensa ya 2020 iliwapata wakazi 3,190,369 katika kaunti zake 99. Zamani, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa karne ya ishirini, Iowa ilikuwa na viti 11 katika Baraza la Wawakilishi. Leo ina vinne. Watu wake hawakutoweka, bali majimbo mengine yaliongezeka watu kwa kasi zaidi. Na kwa kuwa viti 435 haviongezeki, anayekua polepole hupokonywa na anayekua mbio.

Viti hivyo vinne vimekaaje? Eneo la kwanza liko kusini-mashariki, nalo linaijumuisha miji ya Davenport na Iowa City, ambako kuna chuo kikuu mashuhuri. Eneo la pili liko kaskazini-mashariki, kwenye miji ya Cedar Rapids, Dubuque na Waterloo. Eneo la tatu ni la Des Moines, mji mkuu wa jimbo, likiteremka hadi mpakani kusini. Eneo la nne ni kubwa kuliko yote kwa ardhi. Linaenea upande wa magharibi penye Sioux City na Council Bluffs, na limetawaliwa na mashamba. Mwaka wa 2022, na tena 2024, viti vyote vinne vilinyakuliwa na Republican.

Mtu akiyatazama matokeo hayo kwa mbali atadhani kwamba Iowa ni ngome isiyoingilika. La hasha! Katika eneo la kwanza, mwaka wa 2024, Mariannette Miller-Meeks wa Republican alimshinda Christina Bohannan wa Democratic kwa kura 799, na kura zilizopigwa zilizidi laki nne. Katika eneo la tatu, mwaka wa 2022, Zach Nunn wa Republican alimng'oa Cindy Axne aliyekuwa akitetea kiti chake kwa kura elfu mbili na ushei. Nao mwaka wa 2025 ulileta msukosuko zaidi, maana Ashley Hinson wa eneo la pili alitangaza kwamba atawania useneta, na Randy Feenstra wa eneo la nne akatangaza kuwania ugavana. Viti viwili vikabaki bila mwenyewe wa kuvitetea.

Lakini kisa ambacho ningependa kila mwalimu akisimulie darasani ni cha Novemba 2020. Katika eneo la pili kama lilivyokuwa wakati huo, Miller-Meeks alishindana na Rita Hart wa Democratic. Kura zilipohesabiwa mara ya kwanza, tofauti ilikuwa kura 47. Zikahesabiwa upya katika kaunti zote 24 za eneo hilo. Mwishowe Miller-Meeks akatangazwa mshindi kwa kura 196,964 dhidi ya 196,958. Kura sita! Familia moja kubwa iliyokwenda shambani siku hiyo badala ya kituoni ingaliweza kubadili mwakilishi wa watu zaidi ya laki saba. Hart alipeleka malalamiko yake kwenye Baraza la Wawakilishi lenyewe, kisha akayaondoa Machi 2021, na kiti kikabaki kwa mwenzake.

Hapa ndipo linapozuka swali lenye maana. Mbona katika Iowa wabunge hushinda kwa kura sita au kwa kura 799, ilhali katika majimbo mengine mengi mshindi hujulikana hata kabla ya kampeni kuanza? Ziko sababu kadhaa, lakini mojawapo iliyo kubwa ni jinsi mipaka inavyochorwa.

Katika majimbo mengi ya Marekani, mipaka ya maeneo ya ubunge huchorwa na wabunge wa jimbo lenyewe. Chama chenye wengi katika bunge hilo ndicho hushika kalamu, na mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Iowa ilifuata njia nyingine kwa sheria ya 1980. Huko ramani huandaliwa na ofisi ya watumishi wa bunge wasioegemea chama chochote, ambao kazi yao ya kila siku ni kuandika miswada na kufanya utafiti. Sheria inawakataza kutazama vyama vya wapiga kura, matokeo ya chaguzi zilizopita, na hata mahali wanapoishi wabunge walio madarakani. Wanachoruhusiwa kutazama ni idadi ya watu, umbo la eneo na mipaka ya kaunti, kwa sababu maeneo ya Kongresi hayaruhusiwi kuipasua kaunti vipande viwili.

Ramani ikishakamilika, hupelekwa bungeni ikubaliwe au ikataliwe jinsi ilivyo, bila ya kuchokorwachokorwa. Ikikataliwa, ya pili huandaliwa kwa masharti yayo hayo. Ni ya tatu tu ambayo wabunge wanaweza kuifanyia marekebisho kama mswada wa kawaida. Mwaka wa 2021 Seneti ya Iowa iliikataa ramani ya kwanza, kisha ya pili ikapitishwa kwa kura za pande zote mbili na kutiwa sahihi na gavana mapema Novemba. Kila eneo likapata takriban watu 797,600.

Sasa mlinganishe mwenendo huo na yaliyotokea kwingineko. Kwa desturi mipaka huchorwa upya mara moja kila miaka kumi, baada ya sensa. Lakini mnamo Agosti 2025, wabunge wa Texas, jimbo lenye viti 38, waliichora upya ramani yao katikati ya muongo kwa azma iliyotajwa waziwazi ya kukipatia chama cha Republican viti vitano zaidi. Wabunge wa Democratic wa jimbo hilo walitoroka na kukaa nje kwa takriban majuma mawili ili kikao kikose idadi ya kutosha, lakini wapi! Walirudi, na ramani ikapita. California, inayoongozwa na Democratic, ikajibu kwa kuwaomba wapiga kura waiweke kando ramani ya tume yao huru. Wapiga kura wakakubali tarehe 4 Novemba 2025. Missouri na North Carolina nazo zikachora upya mwaka huo huo, zikikipendelea chama cha Republican.

Ukisikiliza pande zote mbili utaburudika, kama si kuhuzunika. Ramani ya mpinzani ni wizi. Ramani yangu ni kujihami. Wahenga walisema akipenda chongo huita kengeza.

Mchezo huo si wa jana. Mwaka wa 1812, gavana wa Massachusetts aliyeitwa Elbridge Gerry alitia sahihi sheria ya mipaka iliyokisaidia chama chake katika uchaguzi wa seneti ya jimbo. Eneo mojawapo lilikuwa limepindapinda mfano wa mjusi wa majini aitwaye salamanda. Gazeti moja la Boston lilichapisha mchoro wa eneo hilo likiwa na kucha na mabawa, likaliunganisha jina la gavana na la mjusi huyo. Gerry alipata kuwa Makamu wa Rais, na jina lake limo katika orodha ya waliotia sahihi Azimio la Uhuru la 1776. Lakini wengi wanaolitaja jina lake leo hulitaja kwa sababu ya yule mjusi. Viongozi wetu wenye kupenda kukumbukwa na wazingatie hilo.

Yawezekana msomaji angali anajiuliza mstari katika karatasi unawezaje kumnyima mtu ushindi. Namwomba mwalimu alijaribu jambo hili darasani. Achukue wanafunzi 25. Wanafunzi 15 wanataka kandanda, na 10 wanataka voliboli. Kisha awaambie kwamba hawatapiga kura kwa pamoja, bali watagawanywa katika makundi matano ya watu watano watano, na kila kundi litatoa mjumbe mmoja.

Akiwaweka wapenzi wa kandanda watatu na wa voliboli wawili katika kila kundi, kandanda itapata wajumbe wote watano, na wanafunzi 10 hawatakuwa na msemaji hata mmoja. Akiwaweka wapenzi wa kandanda peke yao katika makundi matatu, na wa voliboli peke yao katika makundi mawili, wajumbe watakuwa watatu kwa wawili, sawa na idadi ya watu. Lakini akiwa mjanja, atawapanga wapenzi wa voliboli watatu watatu katika makundi matatu, kisha yule mmoja aliyesalia amtupe katika mojawapo ya makundi mawili yaliyobaki, ambayo yamejaa wapenzi wa kandanda. Voliboli itapata wajumbe watatu na kandanda wawili. Wachache wamewashinda wengi, na hakuna hata kura moja iliyoibwa! Wanafunzi ni wale wale 25, na matakwa yao ni yale yale. Kilichobadilika ni mkono wa aliyewapanga.

Je, mahakama haziwezi kuingilia kati? Mwaka wa 1964, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi iliyotoka Georgia kwamba maeneo ya ubunge katika jimbo moja sharti yakaribie kuwa na idadi sawa ya watu, maana eneo la Atlanta lilikuwa na watu wengi mno kuliko maeneo mengine ya jimbo hilo ilhali kila moja lilitoa mbunge mmoja. Uamuzi huo uliondoa dhuluma moja. Lakini mwaka wa 2019 mahakama iyo hiyo ilisema kwamba mipaka inayochorwa ili kupendelea chama ni suala la kisiasa ambalo mahakama za shirikisho haziwezi kuliamua. Mlango ukafungwa, na kalamu zikaachwa mikononi mwa walizonazo.

Hata hivyo nisije nikaipamba Iowa kupita kiasi. Mgala muue na haki yake mpe, na mwenye dosari naye aambiwe. Kwanza, utaratibu wao ni sheria ya kawaida, haumo katika katiba ya jimbo. Wabunge waliouweka wanaweza kuuondoa, na kinachouhifadhi ni mazoea na aibu. Pili, ramani adilifu haileti uwakilishi wa kila mtu. Mwaka wa 2024 Kamala Harris wa Democratic alipata zaidi ya asilimia 42 ya kura za urais katika Iowa, na bado chama chake hakikupata kiti hata kimoja kati ya vile vinne. Ndiyo hali ya lile darasa letu ambamo kila kundi lina watatu kwa wawili. Wafuasi wa chama hicho wametawanyika hivi kwamba, pasipo hila ya mchoraji yeyote, wanakaribia ushindi mahali kadha bila kuupata. Kasoro hiyo inatokana na mfumo wenyewe wa kumpa kiti kizima aliyetangulia, hata kama ametangulia kwa kura sita.

Kwa nini basi nausifu utaratibu wao? Kwa sababu mlango haujafungwa. Mwaka wa 2018, chini ya ramani iliyochorwa na ofisi iyo hiyo, Democratic ilitwaa viti vitatu kati ya vinne. Miaka minne baadaye haikuwa na hata kimoja. Barack Obama alishinda Iowa mwaka wa 2008 na 2012. Donald Trump akaishinda 2016, 2020 na 2024. Wananchi walibadili nia, na nia yao ikaonekana katika matokeo. Mbunge wa Iowa akilala usiku hujua kwamba anaweza kuamka hana kazi. Hofu hiyo ni dawa nzuri kwa kiongozi.

Wala dawa hiyo si nadharia tupu. Mwaka wa 2025, China, mnunuzi mkubwa wa soya ya Marekani, iliacha kuinunua kwa miezi kadha kwa sababu ya vita vya ushuru, hadi viongozi wa nchi hizo mbili walipokutana Korea Kusini mwishoni mwa Oktoba. Mkulima wa Iowa alivuna akiwa hajui atamuuzia nani. Mkulima huyo ana swali la kumuuliza mbunge wake: ulikuwa wapi? Katika eneo ambalo mshindi hupatikana kwa kura 799, swali hilo litajibiwa kwa adabu. Katika eneo lililochongwa ili mwenye kiti asishindwe, mbunge anaweza kumpita mkulima njiani bila hata kumsabahi.

Huenda msomaji akaniuliza, haya ya Iowa yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Wenye umri wangu hatujasahau uchaguzi wa 1992. Mwaka huo KANU ilipata viti 100 kati ya 188 vya kuchaguliwa, ilhali mgombeaji wake wa urais alipata takriban asilimia 36 ya kura. Upinzani uliogawanyika ulichangia, lakini pia yalikuwepo maeneo yenye watu wachache mno na mengine yenye umati, na kila moja likitoa mbunge mmoja. Katiba yetu ya 2010 ilikusudia kuitibu kasoro hiyo. Kifungu cha 89 kimeweka maeneo ya ubunge 290, kikataka mipaka iangaliwe upya katika muda usiopungua miaka 8 wala kuzidi 12, na kikaruhusu tofauti ya asilimia 40 kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Marekebisho yalikamilika mwaka wa 2012. Miaka 12 ikatimia 2024, wakati tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna, kwani ilikaa hivyo tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nawasihi walimu wa Historia na Serikali wasiwafunze wanafunzi kwamba demokrasia huanza alfajiri ya siku ya kura, foleni inapopangwa. Wakati huo mengi yamekwisha kuamuliwa. Wawafunze kuuliza mapema: nani anachora mpaka? Ameruhusiwa kutazama nini, na amekatazwa nini? Nani anaweza kumkatalia? Maswali hayo yanafaa Iowa na Texas, na yanafaa Kenya vilevile.

Na wewe mwanafunzi uliyeniuliza, jibu langu kamili ni hili. Huko kura haiibwi. Hupangiwa mahali pa kuangukia. Siku utakapokuwa mkubwa na kusikia tume imekuja katika wilaya yenu kukusanya maoni kuhusu mipaka, usiseme ni mkutano wa wazee wasio na kazi. Nenda uketi mbele, uitazame ramani na umwulize aliyeichora. Kura utakayoipiga baadaye itategemea majibu atakayokupa siku hiyo.